Somo Gani Lafungua Mlango Gani? Ushauri kwa Vikundi Vinavyosomesha Watoto



Vikundi vingi vya kujisaidia huku kwetu vina mzigo mmoja ambao pengine haumo katika katiba ya kikundi, lakini kila muhula unakula fedha. Mzigo huo ni kusomesha watoto. Akina mama wa kushona kofia hutoa mkopo mama mwenzao alipe karo. Wavuvi huchangishana mtoto wa mwenzao anapotumwa nyumbani. Wakulima wa Mpeketoni na Hindi huuza korosho au pamba, na sehemu ya fedha huishia kwa bwana mhasibu wa shule. Hii ni kazi njema, nasi twaisifu.

Lakini tukikaa na vikundi na kuuliza, "Huyu mtoto mnayemlipia anasoma masomo gani?" mara nyingi watu hutazamana. Wajua karo ni kiasi gani. Wajua yuko darasa gani. Masomo aliyochagua hawayajui, na sababu ya kuyachagua hawaijui. Kisha siku ya kuomba chuo ikifika, mtoto aambiwa, "Gredi yako ni nzuri, lakini somo tunalolitaka huna." Hapo fedha zimekwisha kutumika na miaka minne imekwenda.

Katika toleo hili twataka kueleza jambo hili polepole, hatua kwa hatua, ili mzazi ambaye hakusoma sana naye aweze kuketi na mwalimu akauliza maswali ya maana.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA KIKUNDI

Mtu wa Matondoni akitaka kuunda jahazi haanzi kwa kununua tanga. Kwanza hujiuliza chombo ni cha kazi gani: cha kuvulia, cha kupakia mchanga, au cha abiria? Mbao, urefu na upana vyote vyafuata jibu hilo. Kumsomesha mtoto ni vivyo hivyo. Na yule mtu wa Injili aliyeanza kujenga mnara bila kuketi kuhesabu gharama alichekwa na majirani. Sisi hatutaki kuchekwa, na zaidi ya hapo hatutaki mtoto avunjike moyo.

Wako wazee wetu waliosoma zamani watakaosema, "Sisi hatukuchagua chochote, tulisoma tu." Si kweli kabisa. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, aliyefaulu kidato cha nne alikwenda kidato cha tano na cha sita, na huko alichagua masomo machache ya sayansi au ya sanaa. Wenzetu wa Tanzania na Zanzibar wana utaratibu huo mpaka leo, ndiyo maana ukimuuliza binamu yako wa Tanga au Unguja anasoma nini, atakujibu "PCB" au "HKL." Maana yake ni Fizikia, Kemia na Biolojia, au Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hapa Kenya uchaguzi ulikuwa umejificha ndani ya kidato cha pili na cha tatu, kwa hiyo wazazi wengi hawakuuona.

MTIHANI WA KCSE UKOJE

KCSE ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Darasa la mwisho la mfumo huo liliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na mtihani wake ni wa mwaka 2027. Kwa hiyo bado wako watoto wetu katika njia hii, na wako vijana wengi nyumbani wenye cheti tayari wanaotafuta chuo.

Mwanafunzi hufanya masomo yasiyopungua saba. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima kwa wote. Halafu achukua sayansi zisizopungua mbili kati ya Biolojia, Kemia na Fizikia. Achukua angalau somo moja kati ya Historia na Serikali, Jiografia, na elimu ya dini, iwe CRE, IRE au ya Kihindu. Nafasi iliyobaki aweza kuijaza kwa Kilimo, Biashara, Sayansi ya Nyumbani, Kompyuta, Kiarabu au somo jingine ambalo shule inalifundisha.

Kila gredi ina pointi zake. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3, D- ni 2, na E ni 1. Masomo saba mara pointi 12 ni 84, na hapo ndipo kilele. Anayetaka C+ ya jumla anahitaji pointi 46.

Tangu mtihani wa mwaka 2023 hesabu ya gredi ya jumla ilibadilika. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri. Zamani ilikuwa lazima sayansi mbili ziingie kwenye hesabu hiyo. Sasa si lazima. Wengi walifurahi, na kwa haki, kwa sababu gredi za jumla zilipata nafuu. Lakini humo ndimo ulimo mtego, nasi twaomba msome kwa makini sehemu ifuatayo.

JUMLA MOJA, MILANGO TOFAUTI

Tuseme kuna wasichana wawili, mmoja wa Faza na mmoja wa Witu. Tumewatunga tu kwa mfano. Wote wawili wataka kuwa wauguzi, na vikundi viwili vinawalipia karo.

Wa Faza alipata hivi: Kiswahili B+ (10), IRE B (9), Kiingereza C+ (7), Historia C+ (7), Biashara C (6), Biolojia C- (5), Hisabati D+ (4), Kemia D (3). Tuhesabu. Hisabati 4, lugha bora ni Kiswahili 10, na masomo matano bora yaliyobaki ni 9, 7, 7, 6 na 5. Jumla ni 48. Ana C+. Nyumbani watu wapiga vigelegele.

Wa Witu alipata hivi: Biolojia B- (8), Kiswahili C+ (7), Hisabati C+ (7), Kemia C+ (7), Kilimo C+ (7), Kiingereza C (6), Jiografia C (6). Hisabati 7, Kiswahili 7, na matano mengine 8, 7, 7, 6 na 6. Jumla ni 48. Naye ana C+.

Ukitazama jumla, ni mapacha. Sasa waende kuomba uuguzi. Digrii ya uuguzi yadai C+ ya jumla, na pia C+ katika Kiingereza au Kiswahili, katika Biolojia, katika Kemia, na katika Fizikia au Hisabati. Wa Witu amefika kiwango. Wa Faza hakufika, kwa sababu ya Biolojia, Kemia na Hisabati. Akishuka mpaka stashahada ya uuguzi, nako wataka C ya jumla pamoja na C ya Biolojia. Yeye ana C-. Hapo napo amefungiwa.

Je, huyu wa Faza ameshindwa maisha? La, hasha. Ualimu wa sekondari wadai C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Yeye ana B+ ya Kiswahili na B ya IRE. Mlango huo uko wazi mbele yake. Shida ni kwamba kwa miaka minne alikuwa akitembea kuelekea mlango mmoja huku nguvu zake zikielekea mwingine, na hakuna aliyemwambia mapema.

Funzo ni hili: gredi ya jumla yakufikisha uani. Mlango wa ndani wafunguliwa na somo lenyewe.

Na kuna jambo la pili. Kwa kila kozi ya digrii, wanaogawa nafasi hutazama masomo manne yanayohusiana na kozi ile, yanayoitwa klasta. Manne mara 12 ni 48, ndiyo pointi za juu. Watoto wawili wanaotaka nafasi moja hushindana kwa klasta hiyo. Kwa hiyo kufika kiwango cha chini ni kuruhusiwa kuomba tu. Kupata nafasi kwategemea pia wengine walioomba wamepata nini.

KAZI ZA HUKU KWETU NA MASOMO YAKE

Tumechukua kazi ambazo watoto wa Lamu huzitaja sana.

1. Uuguzi na kazi za hospitali. Biolojia haina budi, na lugha moja. Kemia isiachwe. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina tawi hapa Lamu, na matawi mengine Kilifi, Mombasa na Msambweni. Kozi hazifanani, kwa hiyo mwulize kwa kozi moja moja.

2. Bandari, meli na uhandisi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na tangu hapo kila kijana asema atafanya kazi bandarini. Vyema. Lakini uhandisi wa aina yoyote wadai Hisabati, Fizikia na Kemia. Kijana aliyeacha Fizikia kwa kuiogopa amejiwekea kizuizi. Mombasa kuna chuo cha ubaharia cha Bandari Maritime Academy, na kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kazi nyingine za bandarini ni za hesabu, stoo, karani na usafirishaji, na huko Hisabati na Biashara husaidia zaidi.

3. Uvuvi na sayansi ya bahari. Mtoto wa mvuvi wa Kizingitini au Kiwayu ajua bahari kuliko wengi, lakini chuo chataka karatasi. Biolojia na Kemia ndizo za kwanza, na Hisabati au Jiografia husaidia. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi kinafundisha elimu ya viumbe vya bahari na uvuvi.

4. Ualimu wa sekondari. Tumekwisha kueleza: C+ ya jumla na C+ mbili za masomo ya kufundisha. Hizi mbili ziende pamoja. Mtoto mwenye B ya Kiswahili lakini D kwenye mengine yote ya kufundishika hajakamilisha.

5. Sheria. Mambo ya ardhi yamefanya vijana wetu wengi kutamani kuwa mawakili. Pamoja na C+ ya jumla, hutakiwa B ya Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo atakayekuwa wakili aanze na lugha mapema.

6. Hoteli na utalii. Sayansi ya Nyumbani, Biashara, Jiografia na lugha za kigeni hufaa. Kiarabu alichokianza mtoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani aweza kukiendeleza shuleni kama kuna mwalimu, na kikahesabiwa kama somo la KCSE.

7. Ufundi. Umeme, uchomeleaji, useremala, mabomba, injini za boti. Kwa kawaida stashahada huanzia C-, cheti huanzia D, na kozi za fundi wa mkono hupokea hata mwenye E. Na yule fundi aliyejifunza kwa babake bila kwenda chuo aweza kupimwa na NITA, shirika la serikali la mafunzo ya kazi, akapewa cheti cha daraja lake. Tusiseme "ameanguka, basi mwisho." Hakuna mwisho hapo. Pwani hii yahitaji mafundi.

MANENO YA MITAANI YANAYOPOTEZA WATOTO

"Sayansi ni za wavulana." Neno hili limewanyima wasichana wetu kazi nyingi. Zahanati za visiwani zahitaji wauguzi wa kike, na kila mauguzi wa kike alisoma Biolojia. Ukimwambia binti aache Kemia, unamwondoa huko huko unakotaka aende.

"Kiswahili ni chetu, hakuna haja ya kukisoma." Hili ni gonjwa la kwetu hasa. Mtoto wa Amu au wa Pate azungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, lakini mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Nyumbani twasema "ndia," "yuu" na "moya," na hiyo ni lugha nzuri ya mababu zetu, ina heshima yake na tusiione haya. Kwenye insha mtoto aandike "njia," "juu" na "moja." Tena mtihani una karatasi tatu: insha, lugha, na fasihi. Sarufi ya ngeli haisomwi barazani, na vitabu vya fasihi vilivyowekwa lazima visomwe vyote. Mtoto wa bara aliyejifunza kwa bidii humshinda mwenye lugha yake aliyelala. Hapa tuna pointi nyingi tunazozitupa baharini.

"Chukua somo rahisi upate gredi." Somo rahisi kwa nani? Rahisi la mwenzako laweza kuwa gumu kwako. Na gredi iliyopatikana kwa somo lisilotakiwa na kozi yako itasaidia jumla tu.

"Rafiki zangu wote wamechukua Biashara." Rafiki hatakufanyia mtihani, wala hatakutafutia kazi.

"Kama ana akili achukue sayansi zote tatu." Nalo si la kufuata kwa upofu. Sayansi zina mtihani wa vitendo: karatasi ya tatu ya Biolojia, Kemia au Fizikia ina maksi 40 kati ya 200. Hiyo ni sehemu moja ya tano. Kama maabara ya shule ni chumba kitupu na mtoto hajashika hata chupa ya majaribio mpaka mwezi wa mtihani, sehemu hiyo itamponyoka. Kabla ya kumsukuma mtoto, tazameni shule inaweza kumpa nini. Na ikiwa maabara ndiyo kikwazo, basi hapo pana kazi kwa wazazi na kikundi, kwa mwakilishi wa wadi, na kwa bodi ya shule.

GREDI YA 9: UCHAGUZI UMEKUJA MAPEMA

Sasa tuje kwa wadogo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Watoto wa mtaala mpya wa umilisi, CBC, walifanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 9, iitwayo KJSEA, mwaka 2025, na sekondari ya juu, yaani Gredi ya 10, imeanza mwaka 2026.

Katika mtaala huu mtoto huchagua njia moja kati ya tatu:

(a) Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambayo watu huiita STEM.
(b) Sayansi za Jamii, pamoja na lugha, dini, historia, jiografia na biashara.
(c) Sanaa na Michezo.

Kiingereza, Kiswahili na Hisabati zinaendelea kwa wote, ila Hisabati ya walio STEM ni nzito kuliko ya wenzao. Juu ya hayo mtoto huchukua masomo matatu ya kuchagua. Tafadhali litieni maanani neno hili: matatu. Ndugu yake wa 8-4-4 alibeba masomo saba au manane, hata akikosea moja alikuwa na mengine ya kushikilia. Huyu ana matatu. Na achagua akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, kabla hata hajajijua vizuri. Ndiyo maana twasema mzazi na kikundi wanatakiwa zaidi sasa kuliko zamani.

Ndani ya STEM kuna jambo ambalo watu wa visiwani wapaswa kulijua. Pamoja na Biolojia, Kemia na Fizikia, kuna masomo ya ufundi kama umeme, ujenzi, mbao, chuma na mitambo, na kuna somo la teknolojia ya bahari na uvuvi. Somo hili lamfaa nani kama halikumfaa mtoto wa Ndau, Siyu au Kipungani? Lakini kuwamo kwenye orodha ya serikali si sawa na kufundishwa katika shule yenu. Shule nyingine zina njia zote tatu, nyingine zina mbili. Somo huhitaji mwalimu na vifaa. Kwa hiyo ulizeni kabla mtoto hajaandika uchaguzi wake: shule hii inafundisha masomo gani hasa, na walimu wako?

Swali la kujiuliza ni lile lile tuliloliona kwa wasichana wetu wawili. Uuguzi hautaacha kuhitaji Biolojia kwa sababu mtaala umebadilika. Injini ya meli haitaacha kufuata kanuni za Fizikia. Anzeni na kazi, rudini kwenye kozi, kisha mrudi kwenye masomo.

MATOKEO YAKITOKA

Nafasi za vyuo zinazogawiwa na serikali zasimamiwa na KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Maombi hufanywa kwa intaneti, kwa kutumia nambari ya mtihani ya mwanafunzi. Kwa anayekaa Kiunga au Mkokoni maana yake ni safari, nauli ya boti, na pengine kulala ugenini. Kwa hiyo ni vizuri kujiandaa kabla ya kuondoka.

Mtoto atoke nyumbani na karatasi yenye kozi alizozichagua, zimeandikwa kwa utaratibu, ya kwanza mpaka ya mwisho. Asiende saiba akamwambia mwenye kompyuta, "Nichagulie." Yule kazi yake ni kupiga chapa. Hajui ndoto ya mtoto wako. Nambari ya siri asipewe mtu, wala isiachwe imeandikwa ukutani. Akimaliza, achapishe nakala ya alichokiomba aje nayo.

Kozi zisiwe zote za juu mfano wa mnazi. Ya kwanza iwe ile aipendayo sana, na nyingine ziwe zile ambazo pointi zake zinafika kweli. Na kila kozi ilinganishwe na masomo: je, nina somo wanalolidai? Nina gredi wanayoidai? Likikosekana moja, ondoa kozi hiyo uweke nyingine, kwa maana nafasi uliyoijaza vibaya ni nafasi iliyopotea.

Kuhusu fedha, HELB iliyoanza mwaka 1995 hutoa mikopo kwa wa vyuo vikuu na pia kwa wa vyuo vya ufundi. Basari za eneo bunge na za kaunti zina tarehe zake. Ulizeni ofisini mapema. Majuto ni mjukuu.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Twapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, chagueni mtu mmoja awe mlezi wa masomo. Si lazima awe na digrii. Atosha kuwa mtu anayesoma, anayeuliza, na asiyechoka kupanda boti kwenda shuleni.

Pili, wekeni daftari. Kila mtoto anayesaidiwa na kikundi awe na ukurasa wake: darasa, masomo, gredi za kila muhula, kazi anayoitaka, na masomo yanayodaiwa na kazi hiyo. Mkiutazama ukurasa huo mtaona wenyewe palipo na pengo.

Tatu, katika Gredi ya 8 na mwanzo wa Gredi ya 9, mlezi, mzazi na mtoto waketi na mwalimu. Wamsikilize mtoto kwanza. Mtoto anayelazimishwa udaktari huku moyo wake uko kwenye umeme hatafika popote. Lakini naye aonyeshwe ukweli wa gredi zake.

Nne, mwenye kidato cha tatu au cha nne asiache somo bila kumwambia mlezi sababu. Pengine sababu ni mwalimu aliyehama, au kitabu kimoja kinachokosekana. Kitabu kikundi chaweza kununua. Tena ni rahisi kuliko kulipa karo ya mwaka mzima bure.

Tano, waiteni vijana wenu waliokwisha kupita. Kila kijiji kina mwalimu, muuguzi, fundi au baharia aliyerudi likizo wakati wa Maulidi, Idi au Krismasi. Mwombeni saa moja aseme na watoto: alisoma nini, alikwama wapi, alipitaje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO WENU

1. Watoto tunaowalipia karo mwaka huu, ni wangapi ambao twajua masomo yao yote?
2. Shule zilizo karibu nasi zina walimu wa sayansi na maabara inayotumika? Kama hazina, tumemwambia nani?
3. Kuna binti yeyote aliyeacha somo kwa sababu aliambiwa si la wasichana? Twaweza kufanya nini kabla hajajiandikisha kwa mtihani?
4. Kazi zipi zinahitajika kijijini kwetu katika miaka kumi ijayo, na ni masomo gani yanayoelekea huko?
5. Nani kati yetu atakuwa mlezi wa masomo, na atatoa taarifa lini?

Tumeandika mengi, lakini mkilishika moja litatosha: karo na somo viende pamoja. Shilingi ya mama aliyekesha akishona kofia ina jasho ndani yake, na mtoto aliyepewa shilingi hiyo ana haki ya kuonyeshwa njia inakoelekea. Mkutano wenu ujao uanze na daftari hilo. Mwenyezi Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.